Jina Jingine la Furaha

Jumatatu, 14 Septemba 1998

Muhula wa tatu umeanza. Mwalimu mkuu alinisimamisha mlangoni hata mkoba sijauweka chini, akaniambia kwamba mwakani Kiswahili huenda kikaondolewa kwenye ratiba. Wazazi wa hapa Uganda hawakitaki. Wanasema ni lugha ya askari na majambazi, na wao hawakuleta watoto shuleni wawe askari wala majambazi. Nilimwambia kwamba kwetu Webuye, ng'ambo ya mpaka, tunakitumia kusali. Alicheka kwa adabu.

Nimerudi chumbani kwangu Kisugu kichwa kizito. Mume wangu, Sylvanus, yuko Tororo kwenye kazi ya reli, hatakuja mpaka mwisho wa mwezi. Tangu mabasi yalipolipuliwa Agosti, kila anaposafiri mimi hukaa roho juu. Yeye husema nina kipaji cha kuhuzunikia mambo ambayo hayajatokea. Ndiyo sababu nimeanza kuandika hapa. Labda hofu ikipata mahali pengine pa kukaa, itaniachia kifua changu.

Jumatano, 16 Septemba

Mawingu kutwa. Mvua hakuna.

Jumamosi, 19 Septemba

Mama Furaha amenipa kazi.

Jina lake ni Perpétue, Mkongomani wa Beni. Yeye na mumewe Kakule wanaishi chumba kinachopakana na changu, na ukuta ni mwembamba, kwa hiyo mengi yao nayajua bila kuuliza. Ana mimba kubwa. Uani sote tunamwita Mama Furaha, ila huyo Furaha hatujawahi kumwona.

Leo tulikuwa tunachambua maharage akaniambia, “Mwalimu, weye unajua Kiswahili ya kitabu. Nitafutie mutoto jina. Inapashwa kuwa furaha, lakini isikuwe Furaha.”

Nikamwomba anieleze, akaeleza huku mikono inaendelea na maharage. Mwishoni mwa mwaka 1996 walikimbia vita, wakafika mpakani Kasindi pamoja na umati wa watu. Furaha alikuwa na miaka minne. Lori lilipiga honi, watu wakasukumana, na yeye hakumwachia mtoto mkono hata kidogo. Walipofika upande wa Uganda akageuka kumtazama, akakuta ameshika mkono wa mtoto wa mtu mwingine.

Sasa Kakule anataka mtoto anayekuja aitwe Furaha. Perpétue hataki hata kusikia. “Nikiita huyu Furaha,” alisema, “ni kama nimezika ule mwengine.”

Nilimwahidi kutafuta. Ukweli ni kwamba nilimwona mwanamke anayejidanganya. Miaka miwili ni mingi kwa mtoto wa miaka minne.

Jumanne, 22 Septemba

Nimetumia kipindi changu cha mapumziko na kamusi. Furaha yenyewe tuliipata kwa Waarabu, na bashasha vilevile. Bashasha ni ya usoni, hata mwenye duka huwa nayo mteja akiingia. Nderemo na hoihoi ni za harusini, zinahitaji ngoma. Imebaki shangwe. Shangwe ni kubwa kuliko mtu mmoja. Mtu anaweza kufurahi peke yake chumbani, lakini sijapata kusikia mtu aliyefanya shangwe peke yake.

Nimejiuliza kama shangwe na kushangaa ni ndugu. Kamusi yangu haisemi lolote. Kwetu, kwa Kibukusu, kufurahi ni khusangala, na sikio langu linayasikia maneno haya kama watoto wa nyumba moja, ingawa kufanana si ushahidi. Ikiwa ni kweli, basi furaha kubwa humpata mtu aliyeshikwa na jambo asilolitarajia. Mimi natarajia kila kitu, hasa kibaya, kwa hiyo sijui kama nitaipata.

Nilimpelekea Perpétue neno hilo jioni. Alilirudia polepole, Shangwe, Shangwe, akasema kanisani kwao wanaliimba. Alipenda.

Jumapili, 27 Septemba

Kakule alinisubiri tulipotoka ibadani. Ni mtu mpole. Anauza vitenge kwa kutembeza, anapanda na kushuka vilima vya Makindye na mzigo begani mpaka bega moja limelala chini ya jingine. Hajawahi kunisemesha zaidi ya salamu.

Alianza kwa kunishukuru kwa kukaa na mke wake. Kisha akasema ametafuta yeye mwenyewe, kambi kwa kambi, mwaka mzima, na kwamba kila anaporudi mikono mitupu Perpétue huanza upya kulia kama siku ya kwanza. Mtoto mpya akiitwa Furaha, watapata mahali pa kuanzia.

“Mwalimu,” alisema, “usimusaidie kungoja.”

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu mchana. Nadhani ana haki.

Alhamisi, 1 Oktoba

Mvua imeanza. Imevuja juu ya kitanda changu. Nimesogeza kitanda.

Jumanne, 6 Oktoba

Miguu ya Perpétue imevimba, ukiibonyeza kwa kidole linabaki shimo. Kliniki wamesema ni presha, wamemwambia apumzike na asiwe na mawazo. Aliniuliza dawa ya kutokuwa na mawazo inauzwa wapi. Nilitaka kucheka lakini nimeona watu wakifa kwa presha hiyo. Dada yangu mmoja alikwenda hivyo hivyo.

Mwenye nyumba wetu, Nnaalongo, amepita akatukuta tunaongea, akasema kwa Kiganda kwamba Kiswahili tukiseme ndani, si uani. Ni mama mtu mzima, Muganda, mkali kama pilipili. Sijui kwa nini anatupangisha ikiwa hawezi kutuvumilia.

Jumatano, 7 Oktoba

Mvua. Sylvanus hajapiga simu kwa duka la jirani kama alivyoahidi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Amepiga. Mzima. Alikuwa amesahau tu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Jana Odur, kijana wa Lira anayefanya kazi kwenye ofisi ya kutafuta watoto waliopotea vitani, alikuja hadi hapa kwa miguu. Alisema kuna msichana Mkongomani analelewa na masista karibu na Luzira. Anaitwa Furaha na ana umri unaolingana. Perpétue aliketi chini pale pale. Leo niliomba ruhusa shuleni nikaenda nao, Kakule akiwemo. Mwalimu mkuu hakufurahi.

Perpétue alikuwa amevaa kitenge kipya na kujipaka mafuta usoni, na alizungumza njia nzima bila kupumzika. Alitaka kujua kama mtoto wa miaka sita anakula chakula kingi, na kama nitakubali kumfundisha kusoma. Nilijibu kila swali. Kimoyomoyo niliwaza: Mungu wangu, akiwa siye, tutamrudishaje nyumbani mwanamke huyu?

Hakuwa yeye. Sista alimleta akiwa amemshika bega. Msichana mrefu, mweusi tii, macho makubwa. Nilimwangalia Perpétue nikajua kabla hajasema. Lakini mtoto alikuwa ameambiwa kwamba mama yake anakuja, akatukimbilia. Aliruka moja kwa moja kifuani mwa Perpétue, juu ya lile tumbo.

Perpétue alimkumbatia. Alimshika muda mrefu, akamwuliza mama yake anaitwa nani, akamwuliza na kijiji chao. Kisha akamwambia kwa upole kwamba yeye si mama yake, ila ni mama wa Furaha mwingine, na kwamba mama yake naye lazima anamtafuta hivi hivi. Mtoto hakulia. Alirudi kwa sista akasimama nyuma yake.

Odur aliomba radhi mara nyingi. Alisema jina hilo linamtesa. Kila mzazi upande ule aliwahi kufurahi, kwa hiyo kila kambi ina akina Furaha.

Kurudi, Perpétue hakusema neno. Yule mwanamke niliyemwona anajidanganya si huyu niliyekaa naye leo. Huyu anajua anachokitafuta kiasi kwamba hawezi kuchukua kinachofanana nacho.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimewasikia kupitia ukutani. Kakule amesema basi, hakuna kwenda kwa Odur tena, mtoto akizaliwa ataitwa Furaha na mambo yaishe. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Jumatatu, 19 Oktoba

Perpétue haongei. Nimempelekea uji. Amekunywa nusu.

Jumapili, 25 Oktoba

Mvua ilitufungia kwenye baraza la Nnaalongo, mimi na yeye, hakuna pa kukimbilia. Niliogopa atanikemea. Badala yake akauliza habari ya mgonjwa. Alisema kwa Kiganda, nami Kiganda changu ni cha sokoni lakini nilielewa, kwamba huyo mama wa Kikongo anaonekana kama mtu anayezama.

Nikamweleza yote, Kasindi mpaka Luzira. Alisikiliza kwa makini, mkono shavuni. Kisha akaniuliza, Furaha maana yake nini? Nilishangaa. Miezi yote hii alikuwa akimwita Mama Furaha akidhani ni jina la ukoo.

Nilipomwambia, alisema, “Ah. Sanyu.”

Nikasema ndiyo, kwa Kiganda ni essanyu. Nina wasichana wawili wenye jina hilo darasani.

Halafu akaanza kusema Kiswahili. Sikujua kwamba anakijua. Kila neno alilitoa kama mtu anayeokota kioo kilichovunjika.

“Mwalimu, mimi kama naokota huyo mtoto kule, hiyo jina nabadilisha siku hiyo hiyo. Hapa kwetu mtu nasikia jina ya Kiswahili, nafikili askali. Watoto watamucheka, wakubwa watamuogopa. Mimi namuita Sanyu. Ni moja tu.”

Kisha akarudi kwenye Kiganda akanieleza alikokipata hicho Kiswahili. Wakati wa vita vya mwisho, kila aliyegonga mlango wake usiku aligonga kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili walimwambia afungue, na kwa Kiswahili walimwambia mumewe avae viatu. Hakurudi. Mpaka leo akisikia wanaume wanakisema uani, huingia ndani.

Nilimwambia pole, kwa Kiganda. Mvua ilipopungua nilikuwa bado nimekaa. Tumekuwa tukiuliza Furaha, Furaha, kila mahali. Lakini waliomwokota waliongea lugha gani?

Jumatatu, 26 Oktoba

Nilikwenda kwa Odur kabla ya shule, nikamwambia amtafute Sanyu. Alinitazama, akachukua kofia yake, akasema atawatumia habari wenzake wa Kasese, karibu na mpaka ule, leo leo. Nilimwomba asimwambie Perpétue. Akipata la pili kama lile la Luzira, na presha ile, litamuua.

Kwa hiyo sasa nalibeba mimi.

Jumanne, 3 Novemba

Hakuna habari.

Jumatatu, 9 Novemba

Hakuna habari. Waasi wameshambulia tena huko milimani upande wa Kasese, redio imesema. Darasani nimeandika tarehe ya jana ubaoni na hakuna aliyenisahihisha.

Jumamosi, 14 Novemba

Asubuhi nilisikia kitu kimeanguka ng'ambo ya ukuta. Nilimkuta Perpétue sakafuni, meno yameumana, macho yamegeuka. Kakule alikuwa ameshatoka na vitenge vyake. Mvua ilikuwa inamwagika. Nilipiga kelele, na aliyekuja kwanza ni Nnaalongo, kichwa wazi, bila viatu. Alisimamisha gari la mtu barabarani kwa kusimama mbele yake.

Hospitalini walimpeleka moja kwa moja kupasuliwa. Nilikaa kwenye benchi na nguo zangu zilizolowa. Nilishapanga kila kitu: nani atamwambia Kakule, tutamzika wapi mtu asiye na kwao hapa, nani atamnyonyesha mtoto. Nilifika hadi kwenye kuchagua wimbo. Namwandikia nani haya? Lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kakule alifika mchana, amepewa habari na watu wa Kabalagala. Alikaa kando yangu. Alisema kwamba Perpétue akiamka nimwambie mtoto aitwe anavyotaka yeye. Shangwe ni jina zuri. Alisema alidhani jina ndilo linalomuua, kumbe ni yeye aliyekuwa akimsukuma.

Nikashindwa kuvumilia. Nilimweleza habari ya Nnaalongo, ya Sanyu, ya Kasese. Aliinama, viwiko magotini. “Usimwambie bado,” alisema. Yule aliyenikataza kumsaidia kungoja, sasa tunangoja sote wawili.

Ni msichana. Wako hai, mama na mtoto.

Jumatano, 18 Novemba

Odur amekuja shuleni. Kasese kuna mama mmoja, Erina, Muganda, muuza samaki wakavu. Siku zile alikuwa mpakani Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi, na biashara yake, akamkuta mtoto amekaa chini ya meza ya mchuuzi, peke yake. Alimwuliza jina, mtoto akasema Furaha. Alikaa naye pale mpaka jioni, hakuna aliyekuja. Akampeleka nyumbani, na kabla hawajafika alikuwa ameshamwita Sanyu, ili majirani wasimsumbue.

Odur alisema ofisi inataka alama. Tulikwenda hospitalini, tukamwita Kakule nje. Alifikiri kidogo, akavua kiatu cha kushoto. Kidole chake cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake. Furaha alizaliwa nacho hivyo hivyo, alisema, na Perpétue alikuwa akimtania kwamba hilo tu ndilo alilochangia.

Odur alikitazama kile kidole, akaomba simu ya hospitali. Alizungumza muda mrefu na mtu wa Kasese. Alipoweka mkono wa simu aliitikia kwa kichwa: ndiyo.

Kakule alibaki amesimama na kiatu mkononi. Ilibidi nimkumbushe akivae.

Ndani, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mkewe. Sikuingia.

Jumanne, 24 Novemba

Perpétue yuko nyumbani. Presha imeshuka. Amenishika mkono akaniuliza, “Na akinikataa?” Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi, ambaye hufikiria yote.

Jumapili, 29 Novemba

Basi la Kasese lilitazamiwa asubuhi. Mchana halikuwa limefika. Kichwani nilikwisha kuona kila kitu kinachoweza kulipata basi barabarani. Kakule alikwenda kituoni mara mbili akarudi. Perpétue alikaa mlangoni na mtoto mapajani, hakula.

Walifika alasiri, mvua ikiwa imekatika: Odur, mwanamke mnene wa makamo, na msichana aliyevaa sweta ya shule. Msichana alimshika yule mwanamke sketi kwa mikono miwili. Uani kila mtu alikuwa amesimama.

Msichana aliuliza kwa Kiganda, “Oyo ani?” Huyo ni nani? Erina akamjibu kwamba ndiye mama aliyemwambia habari zake zote, tangu Kasindi. Mtoto akajificha zaidi.

Kiswahili amekisahau chote. Na Perpétue hana neno la Kiganda. Wote wawili walinitazama mimi.

Perpétue aliinuka. Alimfikia Erina, akamweka mtoto mchanga mikononi mwake, kama mtu anayempa dada yake. Erina hakulitarajia. Alimpokea, uso ukamvunjika, akaanza kulia kimya. Ndipo Perpétue alipopiga magoti kwenye tope, mikono mitupu, mbali kidogo na msichana.

Msichana alimwangalia sana. Kisha akasema jambo, haraka, kwa sauti ndogo. Nililisikia na sikutaka kulitafsiri.

“Anasema nini?” Perpétue aliniuliza.

“Anauliza kwa nini ulimshika mkono yule mwingine.”

Nilidhani ataanguka tena. Lakini alimtazama mtoto machoni. “Mwambie nilizani ni mukono yake. Mwambie sikuachia. Nilizani ni mukono yake mpaka mwisho.”

Nikamwambia kwa Kiganda changu kibovu. Nnaalongo alisogea akanisahihisha neno moja, taratibu. Msichana alisikiliza. Hakumkimbilia mtu. Aliachia sketi mkono mmoja, akamnyoshea Perpétue, naye akaupokea, akaugeuza kiganja juu kiganja chini kama anayeusoma.

Nilikuwa nimelichunguza lile neno, shangwe, miezi miwili na pale sikuliona. Perpétue alikuwa bado amepiga magoti. Erina analia. Aliyelianzisha ni Kakule. Alianza kucheka bila sauti, mabega yote mawili yakicheza, akashindwa kujizuia, akakaa chini pale pale kwenye maji. Msichana akamgeukia, akashangaa kumwona mtu mzima amekaa kwenye tope, naye akacheka. Hapo ndipo kigelegele kilipopigwa. Sikuona ni nani aliyeanza, lakini tulikipokea wote, na wa jirani wakatoka majumbani kuuliza kuna nini.

Jumatatu, 30 Novemba

Wamekubaliana mbele ya Odur. Msichana akae hapa likizo yote. Januari watakaa tena wazungumze, na Erina atakuja kila akipata nafasi. Nnaalongo amesema atamlaza chumbani kwake bure. Msichana ataitwa majina yote mawili, Furaha na Sanyu.

Ijumaa, 4 Desemba

Shule imefungwa. Habari ya Kiswahili mwakani bado haijaamuliwa.

Erina ameondoka na basi la asubuhi. Msichana alimfuata mpaka barabarani, ikabidi Kakule ambebe kurudi, akipiga mateke. Amelia kutwa nzima, amejikunyata ukutani kwa Nnaalongo, akimwita mama yake, na sote tulijua anamwita nani. Perpétue hakumnyamazisha. Alikaa kando yake, mtoto mchanga mgongoni, wala hakumgusa. Nilikaa nao nikiwa tayari kutafsiri, lakini hakukuwa na la kutafsiri.

Jua lilipoanza kupoa kilio kikamwishia. Alijifuta pua kwa sweta.

“Amazzi,” alisema.

Nilifungua mdomo nitafsiri. Perpétue alikuwa ameshainuka na kikombe cha maji.